Kuamka usiku mara kwa mara kwenda kukojoa: tusiseme ni uzee tu

Katika nyumba nyingi za Kazimia kuko mtu mmoja anayeamka usiku mara tatu, mara nne ao zaidi kwenda kukojoa. Mara nyingi ni muzee, lakini anaweza kuwa mama mwenye mimba, mgonjwa wa tansio, ao mtu mwenye sukari ambaye bado hajajua kama iko na sukari. Asubuhi anaamka amechoka, kichwa kizito, na kazi ya shamba ao ya ziwa inamshinda. Ukimuuliza, atakujibu kama ni uzee, ao ni baridi ya ziwa. Wengine wanasema kuko mtu amewafanyia kitu. Na dawa ambayo wengi wanajipatia ni moja: kuacha kunywa maji.

Tatizo hili liko na sababu nyingi, na hazitibiwi na dawa moja. Zingine ni ndogo, zingine zinaua polepole. Lakini kuko njia rahisi ya kuanza kuzitenganisha nyumbani, kabla hata ya kufika kwa munganga: chupa moja, kipande cha karatasi, na siku tatu za kuhesabu.

Mara ngapi ndiyo nyingi?

Waganga wanahesabu hivi: mtu amelala, mkojo umemuamsha, amekojoa, kisha amerudi kulala. Hiyo ni mara moja. Kukojoa kwa asubuhi, wakati mtu ameamka kabisa kuanza siku, hakuingii katika hesabu.

Kuamka mara moja si jambo la kuogopesha, zaidi sana kwa mtu aliyepita miaka 60. Kuanzia mara mbili kila usiku, usingizi unaanza kuharibika. Masaa matatu ao manne ya kwanza ndiyo yenye usingizi mzito unaopumzisha mwili, kwa hiyo anayeamshwa mapema anapoteza zaidi kuliko yule anayeamka karibu na majogoo.

Kwa wavuvi wetu wa ndakala hesabu ni tofauti kidogo. Wao wanashinda usiku ziwani na taa, wanalala mchana. Mvuvi anayekojoa mara tano usiku akiwa macho ndani ya mtumbwi hana tatizo hili. Kwake tunahesabu ule usingizi wake mkubwa, hata kama ni wa mchana. Wakati mwezi umejaa na uvuvi wa taa umesimama, analala usiku kama wengine, na hapo inakuwa rahisi kuhesabu.

Usiku mwili unafanya nini?

Figo zinachuja damu mchana na usiku, hazipumziki. Lakini mtu akilala, ubongo unatoa homoni inayoitwa vazopresini. Hiyo inaambia figo zirudishe maji mwilini. Ndiyo maana mkojo wa asubuhi ni wa rangi nzito. Kibofu cha mtu mzima kinabeba karibu mililita 300 hadi 500, sawa na ile chupa ndogo ya maji. Mkojo ukiwa kidogo na kibofu kikiwa kizuri, mtu anafika asubuhi bila kuamka.

Kwa wazee homoni hiyo inapungua, kibofu kinabeba kidogo, na usingizi wenyewe unakuwa mwepesi. Kwa hiyo ni kweli, uzee unaweza kueleza mara moja, pengine mara mbili. Lakini uzee peke yake hauelezi mara tano. Na hauelezi mabadiliko ya ghafla: mtu aliyekuwa analala vizuri mwezi uliopita, leo anaamka mara nne.

Kwa ufupi, kuko njia tatu. Ao figo zinatengeneza mkojo mwingi, ao kibofu hakiwezi kushika ao hakimaliziki, ao usingizi ndio umevunjika wa kwanza na mkojo unafuata nyuma.

Mkojo umekuamsha, ao umeamka ndipo ukafikiri mkojo?

Hilo ni swali la kwanza la kujiuliza, na huku kwetu Fizi liko na uzito wake. Miaka mingi watu wamelala wakisikiliza: milio ya risasi, mbwa wanaobweka, hatua za watu njiani. Wengi wamekimbia vijiji vyao zaidi ya mara moja. Mtu wa namna hiyo anaamka kwa woga, anakaa macho, na kwa sababu iko macho anasikia kibofu, anatoka inje. Akiulizwa, atasema mkojo unamsumbua, kumbe usingizi ndio unaoumwa.

Alama ni hii: anakojoa kidogo sana, na akirudi kitandani usingizi haurudi. Kumpa mtu huyu dawa za kibofu ni kupoteza pesa. Anahitaji kuzungumza na mtu aliyefundishwa kusaidia wenye woga na huzuni. Kituo cha afya kinaweza kumuelekeza. Si aibu, na si wazimu.

Kuko pia watu ambao usingizini pumzi zinakatika. Wanakoroma kwa nguvu, wananyamaza kidogo kama wamekabwa, halafu wanashtuka kwa kuvuta hewa. Wakati huo moyo unasukumwa vibaya, unatoa homoni inayoagiza figo zitoe maji na chumvi. Ndiyo maana anayekoroma namna hiyo anaweza kukojoa mingi usiku. Yeye mwenyewe hajui, ni mke ao bwana wake ndiye anayejua. Amuambie munganga.

Sukari: ile ambayo hatupaswi kuikosa

Kati ya sababu zote, ugonjwa wa sukari ni wa kuangalia wa kwanza, kwa sababu kipimo ni cha haraka na kuchelewa kunaharibu macho, figo na miguu. Sukari ikizidi katika damu, karibu miligramu 180 kwa desilita, figo zinashindwa kuirudisha yote. Inamwagika katika mkojo na inavuta maji pamoja nayo. Mtu anakojoa mingi mchana na usiku, anasikia kiu, anakunywa, anakojoa tena. Anakula vizuri lakini anakonda. Wazee wetu walijua alama moja: sisimizi wanakusanyika pale alipokojoa.

Angalia vizuri kosa linaloweza kutokea hapa. Mgonjwa wa sukari anadhani maji ndiyo yanamletea mikojo, kwa hiyo anaacha kunywa. Kumbe kiu ni mwili unaomba maji yanayopotea. Akiyakataa, anaweza kukauka na kuanguka.

Kipimo ni tone la damu ya kidole. Ukipimwa asubuhi kabla ya kula, 126 na kwenda juu ni alama ya ugonjwa wa sukari, na waganga watarudia kipimo ili kuhakikisha. Ukipimwa saa yoyote na ikafika 200 na zaidi, ukiwa na kiu na mikojo mingi, usirudi nyumbani bila kuelezwa matibabu.

Wazazi, sikieni hili pia. Mtoto mdogo kukojoa kitandani ni kawaida. Lakini mtoto aliyekuwa ameacha kabisa, halafu ameanza tena, anakunywa maji mingi na anakonda, apelekwe kupimwa sukari siku hiyo hiyo. Kwa watoto ugonjwa huu unakwenda mbio sana. Kumpiga ao kumchekesha mbele ya wenzake hakusaidii kitu.

Kwa wanaume: prostati na njia iliyobana

Prostati ni tezi iliyo chini ya kibofu, inazunguka njia ya mkojo. Kwa umri inakua. Karibu nusu ya wanaume wenye miaka 50 hadi 60 wana prostati iliyoanza kukua, na kwa waliopita miaka 80 ni wengi zaidi. Ikibana njia, mkojo unachelewa kuanza, unatoka kwa uzi mwembamba, unakatika, na mwishoni unadondoka. Kibofu hakimaliziki, kwa hiyo baada ya saa moja kimejaa tena.

Kukua huku si saratani. Kuko dawa za kulegeza njia, na kuko operesheni. Lakini saratani ya prostati iko pia, na mara nyingi inaanza kimya. Wakongomani wanakumbuka mfano mmoja mkubwa. Mwezi wa nane 1996 Rais Mobutu alipasuliwa huko Lausanne, Uswisi, kwa saratani ya prostati. Vita vya AFDL vilipoanza hapa Kivu ya Kusini, yeye alikuwa Ulaya kwa matibabu. Alikufa Rabat, Moroko, tarehe 7 mwezi wa tisa 1997. Ugonjwa huu hauchagui cheo, basi muzee wa Kazimia asione haya kuusemea.

Kwa vijana na watu wa makamo kuko sababu ingine: kisonono, ile wengi wanaita sopisi, isiyotibiwa vizuri. Miaka baadaye inaacha kovu ndani ya njia ya mkojo, na njia inabana. Kijana wa miaka 35 anayekojoa kwa shida kama muzee, asifichie munganga historia yake.

Kwa wanawake

Mwenye mimba anaamka zaidi, miezi ya kwanza kwa sababu ya homoni, na miezi ya mwisho kwa sababu mtoto anakalia kibofu. Hiyo ni kawaida. Lakini mkojo ukiunguza, ukinuka, ao homa ikipanda, ni ambukizo, na kwa mwenye mimba linaweza kupanda kwenye figo na kuleta uchungu kabla ya wakati. Apimwe, asingoje siku ya konsultasio ijayo.

Kuko jambo lingine ambalo tusichanganye na kuamka usiku. Mama ambaye mkojo unatoka wenyewe bila yeye kusikia, mchana na usiku, baada ya uchungu mrefu wa kuzaa ao baada ya kubakwa, anaweza kuwa na fistula. Yaani kuko tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Fistula haiponi kwa dawa za kunywa wala kwa majani. Inatengenezwa kwa operesheni. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inajulikana dunia nzima kwa kazi hiyo. Kama uko na dada ao jirani anayejificha sababu ya harufu, muambie kama njia iko.

Miguu yenye kuvimba, tansio na dawa zake

Mtu ambaye moyo ao figo zimechoka, ao anayesimama siku nzima sokoni, maji yanashuka miguuni. Jioni ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Akilala, maji hayo yanarudi katika damu, figo zinayachuja, na usiku mzima ni kutoka inje. Huyu anakojoa mingi usiku na kidogo mchana. Kutembea na kuinua miguu juu ya kiti saa moja ao mbili kabla ya jioni kunasaidia, kwa sababu maji yanatoka mapema. Lakini miguu iliyovimba ni ya kumuonyesha munganga.

Dawa nazo ziangaliwe. Furosemide inakojolesha. Anayeikunywa jioni amejinunulia usiku mbaya. Amlodipine, dawa ya tansio inayotumika sana, inaweza kuvimbisha miguu ya watu wengine. Usiache dawa yako ya tansio peke yako, kwa maana hapo utapata shida kubwa kuliko mikojo. Muulize munganga kama saa ya kuikunywa inaweza kubadilika.

Chumvi, chai na pombe

Chumvi inashika maji mwilini, na maji hayo lazima yatoke. Mwaka 2017 waganga wa Nagasaki, Japani, walieleza walichoona kwa watu 321 waliokuwa wanakula chumvi nyingi na wanalala vibaya. Wale 223 waliopunguza chumvi kutoka gramu 10.7 hadi 8.0 kwa siku, kuamka kwao usiku kulishuka kutoka mara 2.3 hadi 1.4. Wale 98 walioongeza, kuamka kulipanda kutoka mara 2.3 hadi 2.7. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai kwa mambo yote.

Sisi watu wa ziwa tunapenda samaki ya chumvi na makayabu. Hatusemi muache. Loweka usiku, mwaga maji, rudia, na usiongeze chumvi ingine katika mchuzi wala cube juu yake. Bukari ya jioni na samaki mbichi ni bora zaidi kwa mwenye tatizo hili.

Chai, kahawa, bia na lutuku za jioni zinaongeza mkojo. Pombe inaleta usingizi haraka lakini inauvunja katikati ya usiku. Kunywa maji yako vizuri mchana, kisha punguza masaa mawili ao matatu kabla ya kulala. Kukataa maji siku nzima katika joto letu kunaleta mkojo mkali, ambukizo na mawe ya figo.

Choo kiko mbali

Huku kwetu hatari haiishii mwilini. Choo kiko nyuma ya nyumba, giza ni giza, kuko nyoka, mvua, na watu wenye nia mbaya. Muzee anateleza, anavunja nyonga. Mwanamke anaogopa, anashika mkojo hadi asubuhi. Kila anayetoka anaacha chandarua, na mbu wa malaria wanauma usiku. Katika kambi ni vigumu zaidi. Kanuni za kimataifa za misaada zinaomba choo kisiwe mbali kupita mita 50 na kisitumiwe na watu zaidi ya 20, lakini hata mita 50 ni safari ndefu kwa mama aliye peke yake saa nane ya usiku.

Basi ndoo yenye kifuniko ndani ya chumba si aibu. Iwekwe karibu na kitanda cha muzee, pamoja na tochi. Asubuhi imwagwe katika choo na ioshwe kwa sabuni. Isimwagwe ziwani ao mtoni, maana mayai ya bilharzia yanapita kwa mavi na, kwa aina ingine, kwa mkojo, na ziwa hilo ndilo tunaloogea.

Chupa, karatasi na siku tatu

Kata chupa ya plastiki, weka alama za mililita 100, 200, hadi 500. Siku tatu, mchana na usiku, kojoa ndani, andika saa na kiasi, kisha mwaga chooni. Andika pia saa ya kulala na ya kuamka, na vinywaji vya jioni. Anayeshindwa kuandika, mtoto wa shule amsaidie. Kisha soma hivi:

- Mara nyingi, kidogo kidogo, mchana na usiku: fikiria prostati, njia iliyobana ao ambukizo.
- Mingi mchana na mingi usiku (kwa mtu wa kilo 60, karibu lita 2 na nusu ao zaidi kwa siku nzima): pima sukari haraka.
- Kidogo mchana, mingi usiku: angalia miguu, moyo, chumvi, kukoroma na saa za dawa. Changanya mkojo wote wa usiku na ule wa kwanza wa asubuhi. Kwa muzee, ukipita theluthi moja ya mkojo wa siku nzima, ni mingi. Kwa kijana, ukipita sehemu moja kwa tano.
- Kidogo, usiku tu, na usingizi haurudi: tafuta kinachosumbua usingizi.

Karatasi hiyo haichukui nafasi ya munganga, lakini inamfungulia njia. Katika kituo cha afya omba vitu vitatu vya kuanza: sukari, tansio na kipimo cha mkojo. Usianze na antibiotiki ya farmasi bila kupimwa. Antibiotiki haipunguzi prostati wala sukari, na kesho ambukizo likija kweli, dawa inaweza kushindwa.

Usingoje hata siku moja kama

- mkojo umekatika kabisa, tumbo la chini limevimba na linauma: lazima sonda iwekwe na munganga, na hakuna mtu wa nyumbani anayepaswa kujaribu
- kuko damu katika mkojo
- kuko homa na maumivu ya ubavu
- kuko kiu kubwa, kutapika, pumzi za haraka ao usingizi usio wa kawaida
- pumzi zinakosa ukilala, na miguu imevimba
- miguu inalegea pamoja na mgongo kuuma na mkojo kubadilika

Safari ya kutoka Kazimia hadi hospitali ya Fizi ao Baraka inaomba pesa na siku, tunajua. Ndiyo maana hesabu ya siku tatu inafaa kufanywa mapema, wakati mgonjwa bado anatembea mwenyewe. Usiku huu, kama unasikia mlango wa muzee wako unafunguka mara ya nne, kesho asubuhi muulize kwa heshima, na umkatie chupa.